Wageni wangapi, vifaa vingapi? Deni la hesabu la makavazi ya kitaifa kwa wananchi

MSAFIRI anayetoka Nairobi kuelekea Nakuru hupita karibu na vituo viwili vya Shirika la Makavazi ya Kitaifa, NMK, na mara nyingi hupita bila kuvitambua. Cha kwanza ni Kariandusi, kilicho karibu na mji wa Gilgil, si mbali na Ziwa Elementaita. Cha pili ni Hyrax Hill, kilima cha mawe kilicho kilomita chache tu kabla ya kuingia katikati ya jiji la Nakuru, na ambacho kilipewa jina hilo kwa sababu ya pimbi waliokuwa wakiishi katika nyufa za miamba yake.

Vituo hivi ni vidogo vikilinganishwa na jumba kuu la Nairobi au Ngome ya Yesu mjini Mombasa. Hata hivyo ni mali ya umma, vinatunzwa kwa fedha za umma, na vimehifadhi sehemu ya historia ambayo haipatikani kwingineko. Kwa hivyo mkazi wa Nakuru, Gilgil, Njoro au Naivasha ana haki ya kuuliza maswali matatu. Ni watu wangapi waliovitembelea vituo hivi mwaka uliopita? Fedha walizolipa langoni zimehesabiwa wapi? Na vitu vilivyofukuliwa katika ardhi hii viko wapi leo?

Maswali haya si ya uchochezi. Ni maswali ya kawaida ambayo taasisi yoyote ya umma inapaswa kuwa na majibu yake. Makala haya yanaeleza namna hesabu hizo zinavyowekwa, mahali zinapochapishwa, mapengo yaliyomo, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua.

Hazina ya Bonde la Ufa

Historia ya makavazi nchini ilianza mwaka 1910, wakati chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe kilipoanza kukusanya mimea, wanyama na mawe jijini Nairobi. Mwaka 1930 jengo la Makavazi ya Coryndon lilifunguliwa, na baada ya uhuru likawa makavazi ya kitaifa. Leo shirika hilo linaendeshwa chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006.

Bonde la Ufa lilichangia sehemu kubwa ya hazina hiyo. Louis Leakey alianza uchunguzi wake katika eneo la Nakuru na Elementaita katika miaka ya 1920. Kule Kariandusi yalipatikana mashoka ya mkono ya mawe, mengine yakiwa ya lava na mengine ya obsidiani, yaani jiwe jeusi la volkeno linalong'aa kama kioo. Zana hizo zinakadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 700,000 na milioni moja.

Mary Leakey naye alifukua Hyrax Hill katika miaka ya 1937 na 1938. Alipata makaburi ya watu wa kale, bakuli za mawe, vigae vya vyungu na mashimo ya makazi ambayo wataalamu wanayahusisha na jamii ya Sirikwa. Juu ya miamba kuna vishimo vilivyochongwa vya mchezo wa bao. Eneo hilo liliwekwa chini ya ulinzi wa sheria katika miaka ya 1940, na mwaka 1965 likafunguliwa kwa umma.

Kwa hivyo mwanafunzi anayefika Hyrax Hill anaona kitu ambacho kitabu hakiwezi kumpa: mahali penyewe. Lakini ikiwa hakuna anayejua ni wanafunzi wangapi wanaofika, wala ni vifaa vingapi vilivyotoka hapo, ni vigumu kwa yeyote kutetea kituo hicho wakati bajeti inapopunguzwa au wakati ardhi yake inapomezewa mate.

Idadi ya wageni husema nini

Takwimu za wageni hazifichwi. Kila mwaka Shirika la Kitaifa la Takwimu huchapisha ripoti ya hali ya uchumi, na katika sura ya utalii mna jedwali la idadi ya watu waliotembelea makavazi na maeneo ya kale. Jedwali hilo hutaja vituo kimoja kimoja: Nairobi, Ngome ya Yesu, Kisumu, Kitale, Meru, Gede, Lamu na vinginevyo, pamoja na Hyrax Hill, Kariandusi na Kabarnet. Kwa maana hiyo Kenya iko mbele ya nchi nyingi ambazo hutoa jumla peke yake.

Tatizo ni kwamba tarakimu moja kwa mwaka haitoshi kumweleza msomaji kilichotokea. Takwimu hizo hutolewa kwa maelfu. Kwa jumba kubwa, mia moja zaidi au pungufu si kitu. Kwa kituo kidogo, mia moja inaweza kuwa ni mabasi mawili ya shule, na mabasi hayo mawili ni habari.

Pili, tarakimu hiyo haitofautishi mgeni na mgeni. Viingilio vya makavazi hutofautiana: mtoto na mtu mzima, raia wa Kenya na mgeni kutoka ng'ambo hawalipi sawa. Tuchukue mfano wa kubuni. Vituo viwili vinapokea wageni 5,000 kila kimoja. Cha kwanza kimepokea wanafunzi 4,500 na watalii wachache. Cha pili kimepokea watalii wengi na wanafunzi wachache. Kwenye jedwali vituo hivyo ni sawa. Kwenye sanduku la fedha, na katika kazi ya elimu, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Tatu, kuna suala la nani anahesabiwa. Mtu anayenunua tikiti ya pamoja ya jumba la Nairobi na Bustani ya Nyoka anaweza kuonekana mara mbili katika jumla ya taifa, kwa kuwa sehemu hizo mbili zina hesabu tofauti. Kwa upande mwingine, aliyeingia bure kwa ajili ya sherehe, mkutano au utafiti huenda asionekane kabisa iwapo kinachohesabiwa ni tikiti zilizouzwa. Ndiyo maana jedwali la wageni linapaswa kuambatana na maelezo ya namna hesabu ilivyofanywa.

Nne, kupanda na kushuka kwa idadi kuna sababu, na sababu hizo lazima zielezwe. Jumba la Nairobi lilifungwa mwishoni mwa mwaka 2005 ili likarabatiwe kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, likafunguliwa tena mwaka 2008. Mapema mwaka huo huo, ghasia za baada ya uchaguzi ziliikumba Nakuru na Naivasha na kuzorotesha safari za shule na za watalii. Mwaka 2020 makavazi yote yalifungwa kwa sababu ya janga la korona. Anayelinganisha mwaka mmoja na mwingine bila kujua mambo haya atamlaumu asiyestahili lawama, au atamsifu asiyestahili sifa.

Nchini Uingereza, wizara inayosimamia utamaduni huchapisha idadi ya wageni wa makavazi makuu ya kitaifa mwezi kwa mwezi. Utaratibu wa kila mwezi hauhitaji mitambo ya ajabu. Unahitaji kitabu cha langoni kinachojazwa kila jioni, na ofisi inayojumlisha na kutoa matokeo. Kwa vituo vya Bonde la Ufa faida yake ingekuwa dhahiri, kwa sababu mwalimu, mwenye hoteli na diwani wangeona ni muhula gani shule zinakuja na ni miezi gani lango halina mtu.

Njia ya fedha

Mapato ya Hyrax Hill au Kariandusi ni sehemu ya hesabu za shirika zima. NMK ni chombo kimoja kisheria, na taarifa yake ya fedha ni moja. Taarifa hiyo hukaguliwa kila mwaka na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kifungu cha 229 cha Katiba ya 2010 kinamtaka atoe ripoti katika muda wa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kumalizika, na kinalitaka Bunge liijadili ripoti hiyo na kuchukua hatua katika muda wa miezi mitatu baada ya kuipokea. Katiba inamtaka pia athibitishe iwapo fedha za umma zimetumika kihalali na kwa njia yenye manufaa.

Hapa kuna kikwazo ambacho wengi hawakioni. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Jedwali la wageni katika ripoti ya uchumi hufuata mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba. Mwananchi akichukua mapato ya kiingilio kutoka ripoti moja na kuyagawanya kwa idadi ya wageni kutoka ripoti nyingine, jibu atakalopata halitakuwa sahihi. Hizo ni nusu mbili za miaka tofauti. Takwimu za kila mwezi zingeondoa kikwazo hicho mara moja, kwani mtu angejumlisha miezi anayoitaka.

Tangu mwaka 2023 serikali iliagiza huduma zake zilipiwe kupitia jukwaa la eCitizen badala ya fedha taslimu. Malipo ya aina hiyo huacha alama: tarehe, kiasi na huduma iliyolipiwa. Ni hatua inayoweza kupunguza mianya ya wizi langoni. Lakini alama hiyo ina maana tu ikiwa itawekwa sambamba na kitabu cha wageni. Tikiti zikisema watu 40 na kitabu kikisema 60, lazima mtu aeleze hao 20 waliingiaje.

Mali isiyouzwa sokoni

Hesabu ya pili, na iliyo nzito zaidi, ni ya vifaa vyenyewe. Wananchi wengi wakisikia makavazi yameuza kitu hupatwa na wasiwasi, na wasiwasi huo una msingi. Hata hivyo ni vyema kutofautisha mambo.

Duka la makavazi linaweza kuuza vitabu, kadi, vikapu na nakala za mafuvu zilizotengenezwa kwa plasta. Hiyo ni biashara halali, na mapato yake yanapaswa kuonekana katika hesabu kama mapato mengine. Shoka la mawe lililofukuliwa Kariandusi ni jambo jingine. Chini ya sheria ya 2006, vitu vya kale vilivyomo ardhini ni mali ya serikali, na anayegundua kitu au mahali pa kale anapaswa kutoa taarifa katika muda wa siku saba. Hakuna kitu cha namna hiyo kinachoruhusiwa kutoka nje ya nchi bila kibali.

Kimataifa, Baraza la Makavazi la Dunia, ICOM, lina kanuni za maadili zinazosema kwamba hazina ya makavazi imewekwa kama amana ya umma wala haipaswi kuchukuliwa kama mali ya kugeuzwa fedha. Endapo kifaa kitaondolewa katika hazina kwa njia halali, fedha zitakazopatikana zinapaswa kutumika kwa manufaa ya hazina hiyo hiyo, kwa kawaida kununulia vifaa vingine. Haziruhusiwi kulipa mishahara wala kuziba nakisi ya bajeti.

Kanuni hizo zilipata mtihani mkubwa mwaka 2014 katika mji wa Northampton, Uingereza. Halmashauri ya mji huo iliipiga mnada sanamu ya kale ya Misri iitwayo Sekhemka kwa zaidi ya pauni milioni 15. Umma uligawanyika, wanaharakati wakapinga, na baraza linalosimamia sanaa nchini humo likayaondolea makavazi ya mji huo kibali cha kutambuliwa. Halmashauri ilipata fedha, lakini makavazi yakapoteza imani ya taasisi nyingine. Funzo lake ni kwamba mauzo ya amana ya umma hayamaliziki siku ya mnada.

Rejista ndiyo shahidi

Hapa Kenya, hasara ya vitu vya kale imetokea zaidi kwa wizi, kwa kuchukuliwa wakati wa ukoloni, na kwa vifaa kuazimwa bila kufuatiliwa. Katika visa hivyo vyote, kinachoamua ni karatasi.

Mfano bora ni fuvu la sokwe wa kale aitwaye Proconsul, lililopatikana na Mary Leakey katika Kisiwa cha Rusinga mwaka 1948. Fuvu hilo lilipelekwa London kwa uchunguzi. Kenya huru ilipolidai, ubishi ukazuka: je, lilikuwa limetolewa zawadi au limeazimwa? Waraka wa zamani ulipopatikana, ulionyesha kwamba lilikuwa la kuazima, na fuvu likarudi nyumbani. Bila karatasi hiyo, pengine lingekuwa London hadi leo.

Kinyume chake ni vigango vya jamii za Mijikenda huko Pwani, nguzo za mbao zinazosimamishwa kwa kumbukumbu ya marehemu. Vingi viliibwa makaburini vikauzwa kwa wakusanyaji wa Marekani, kisha vikaishia katika makavazi ya huko. Mwaka 2014 makavazi moja ya mjini Denver yalikubali kurudisha vigango 30. Kwa kuwa nguzo hizo hazikuwahi kuandikishwa popote zilipokuwa makaburini, kazi ya kujua kila kimoja kilitoka kwa ukoo gani ni ngumu mno.

Karibu zaidi na wasomaji wa Bonde la Ufa ni fimbo za Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa na afisa wa Kiingereza Richard Meinertzhagen mwezi Oktoba 1905. Fimbo hizo zilirejeshwa nchini mwaka 2006, zaidi ya miaka 100 baadaye, kutoka kwa familia ya afisa huyo. Zilipatikana kwa sababu kulikuwa na watu waliokumbuka na kufuatilia.

Katika juhudi za kujua kilichoko nje, NMK na washirika wake wa Kenya na Ujerumani walianzisha mradi wa kuorodhesha vifaa vya Kenya vilivyo ng'ambo. Hadi mwaka 2021 orodha hiyo ilikuwa imefikisha zaidi ya vifaa 32,000 katika taasisi 30. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini inazusha swali la nyumbani: ikiwa tunaweza kuzitaka taasisi za ng'ambo zitupe orodha, je, mkazi wa Nakuru anaweza kupata orodha ya vilivyotoka Hyrax Hill na kujua ni vingapi viko kilimani, vingapi viko Nairobi, na vingapi viko nje ya nchi?

Swali hilo halijibiwi na ukaguzi wa fedha peke yake. Kwa miaka mingi viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma havikulazimisha vitu vya urithi kuwekewa thamani ya fedha katika orodha ya mali. Kulikuwa na sababu njema, kwani nani atalipangia bei shoka la miaka milioni moja? Matokeo yake ni kwamba taasisi inaweza kupata hati safi ya ukaguzi huku kabati moja la ghala likiwa tupu. Kinachohitajika ni ukaguzi wa vifaa vyenyewe: rejista mkononi, kifaa mbele ya macho, namba kwa namba.

Nani husimamia nini

Katika eneo la Nakuru si kila mahali pa historia pako chini ya NMK. Mbuga ya Ziwa Nakuru inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kasri la Lord Egerton huko Njoro liko chini ya Chuo Kikuu cha Egerton. Katiba nayo imezipa serikali za kaunti wajibu wa makavazi katika ngazi yao, huku maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yakibaki chini ya serikali kuu. Kwa hivyo anayeuliza lazima kwanza ajue anamuuliza nani, la sivyo barua yake itazungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Mwananchi afanye nini

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaeleza utaratibu. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Asiyejua kuandika anaweza kulitoa kwa mdomo na afisa akaliandika. Mwombaji halazimiki kueleza sababu ya kutaka habari hizo, na hatozwi ada ya kuwasilisha ombi, ingawa anaweza kulipia gharama ya kunakili. Ofisi inapaswa kutoa uamuzi katika muda wa siku 21. Ikikataa au ikinyamaza, mwombaji anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala.

Siri ya ombi zuri ni kuwa mahsusi. Asiyeandika zaidi ya "naomba takwimu za makavazi" atapewa tarakimu moja. Ni afadhali kuomba idadi ya wageni wa Hyrax Hill kwa kila mwezi wa miaka mitatu iliyopita, ikitenganishwa kwa wanafunzi, watu wazima na wageni kutoka ng'ambo. Mapato ya kiingilio ya miezi hiyo hiyo. Idadi ya vifaa vilivyoandikishwa kutoka kituo hicho na mahali vilipo. Na orodha ya vilivyoazimwa au kuondolewa katika rejista, pamoja na tarehe na jina la aliyeidhinisha.

Kuna habari ambazo shirika linaweza kuzizuia kwa haki. Kutangaza mahali hasa palipo na makaburi au visukuku visivyolindwa ni sawa na kumwonyesha mwizi njia. Lakini idadi ya wageni si siri, wala idadi ya vifaa si siri.

Walimu, chifu, viongozi wa dini na wawakilishi wa wadi wanaweza kulifanya zoezi hili kwa pamoja, mara moja kila mwaka. Wafanyakazi wa vituo nao watafaidika, kwa kuwa msimamizi anayeweza kuonyesha kwamba wanafunzi wameongezeka huku mlinzi akiwa ni yule yule mmoja, ana hoja ya kudai mlinzi wa pili. Asiye na hesabu hana cha kudai.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la Hyrax Hill na Kariandusi lipo. Linalobaki ni kulifungua mbele ya wenye mali.